Umeridhia Kurithiwa?

Mimi ni makubaliano. Usinicheke. Wapo waliozaliwa na mama mmoja wakakosa malezi; mimi nilizaliwa na nchi jirani zilizoizunguka meza moja, kila moja ikidai mtoto ni wake, na malezi nikayakosa vilevile. Nina mwili, nina kiburi, na viungo vyangu ndivyo mnavyoviita vifungu. Kwenye kiwiko changu cha kushoto imeandikwa kwamba mjane hatarithiwa kama ng'ombe, hatatolewa katika nyumba aliyoijenga na mumewe, wala hatatenganishwa na wanawe. Kiwiko hicho huniuma kila mvua inapotaka kunyesha. Katika nchi niliyomo sasa mvua hutaka kunyesha siku zote na hainyeshi, kwa hiyo naumwa mchana kutwa.

Umri wangu siujui. Mawaziri wakinitazama huona bi harusi, wakataka kupiga picha nami. Walinzi huona mzigo ambao haujaandikiwa mwenyewe. Mwanamke mmoja aliwahi kuniita bibi, mwingine akaniita mwanangu na kunipakata, na mara zote mbili nilitii, nikazeeka, nikawa mchanga. Je, mtu ni kile anachohitajiwa kuwa, au ni kile kinachobaki wasipomhitaji? Nimekaa na swali hilo juu ya kochi lililovikwa nailoni, sebuleni kwa nchi, na kila nikijigeuza nailoni hunijibu kwa mlio usio wa adabu.

Walinipokea vizuri, sitasema uongo. Ngoma zililia, nikavishwa shada, nikapewa kahawa na halua. Kisha karani akaandika habari zangu kwa wino mzito: *Makubaliano yamerithiwa.* Alitaka kuandika *yameridhiwa*, maskini. Lakini katika nchi hii ndimi zimechoka, dh na th zimekwisha kulala kitanda kimoja, na hakuna aliyeona kosa. Redio nayo ikatangaza hivyohivyo. Neno likishaandikwa huanza kufanya kazi yake: tangu siku hiyo kila waziri mpya amenikuta hapa akanirithi kwa mwenzake aliyeondoka, pamoja na kochi na mapazia. Ananisalimu, ananipangusa vumbi, anarudi kwenye shughuli zake.

Na ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Ninaujua. Nimeusubiri. Mgeni asiyepewa jembe si mgeni tena na mwenyeji hajawa. Katika nchi hii jembe la mtu kama mimi huitwa sheria. Bila hilo siruhusiwi kuvuka pazia lililo nyuma ya kochi, na huko nyuma ya pazia ndiko watu wanakoishi.

Basi nilikuwa nimekaa hivyo, saa ya ukutani ikisema alasiri kama kawaida yake, pale pazia lilipotikisika kutoka upande wa ndani, akatoka mwanamke aliyevaa kaniki. Alinuka moshi. Alitazama kochi, shada lililonyauka, kisha akanitazama mimi kama mtu anayelinganisha kitu na maelezo aliyopewa.

"Hodi," alisema, ingawa alikuwa ameshaingia. "Wewe ndiye uliyetangazwa redioni?"

"Karibu. Ndimi."

"Shikamoo, shangazi."

Nikahisi mvi zinanitoka. "Marahaba, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Siwatu."

Jina hilo lilinichoma. Sentensi yangu ya kwanza kabisa inaanza na *watu wote*, na aliyesimama mbele yangu amepewa jina la kukanusha. Aliniona nikikunja uso.

"Nilizaliwa wakati wa ugomvi," alisema. "Mama aliwasema majirani. Jina limebaki kwangu, ugomvi wenyewe umesahaulika. Shangazi, sina muda. Leo tunaondoa matanga."

Akanieleza akiwa amesimama, maneno yakimtoka mbiombio. Mumewe alifukiwa na mchanga machimboni, ukuta ulipoporomoka. Nyumba yao walifyatua matofali wenyewe, yeye na marehemu, hata alama za vidole vya binti zao wawili zimo kwenye matofali ya mlangoni. Alasiri hii ukoo wa mumewe utakaa mkekani. Shemeji yake mkubwa, Ngwali, atasimama na kumuuliza: *Umeridhia kurithiwa?* Akisema hapana, anatoka na kaniki aliyoivaa. Nyumba na mabinti wanabaki kwa ukoo. Akinyamaza, ameridhia, na Ngwali analeta viatu vyake ndani jioni hiyohiyo.

"Na ukisema ndiyo?"

"Hakuna anayesema ndiyo. Ndiyo ni kukosa haya. Kimya ndiyo yenyewe."

Alishika kiwiko changu cha kushoto bila kujua anashika nini, nami nikaruka kwa maumivu.

"Wewe unasema siwezi kurithiwa," alisema. "Nimekusikia redioni kwa masikio yangu. Basi inuka, twende ukawaambie."

Nililia, nakiri. Kukaa miaka ukipanguswa vumbi halafu mtu aje akuambie inuka, twende! Nilisimama, nailoni ikaninyonya mapaja, nikajibandua. Tulipofika penye pazia tukamkuta Bwana Utaratibu, mlinzi wa mlango, mtu mpole mwenye funguo nyingi na sauti ya kubembeleza.

"Dada yangu, pole kwa msiba," alimwambia Siwatu. "Wapi na mgeni?"

"Nyumbani kwangu."

"Ah. Huyu amepokewa, hajaingizwa. Kupokewa ni jambo moja, kuingizwa ni jambo jingine. Jembe lake linafuliwa, nyundo si mnazisikia?" Kweli zilisikika, kwa mbali, tangu nifike zinasikika. "Likishatiwa mpini atavuka, nami nitamfungulia mwenyewe kwa mikono miwili. Tusiharakishe. Haraka haraka haina baraka."

"Matanga ni leo," alisema Siwatu.

"Ngoja ngoja yaumiza matumbo, najua, najua," akasema Bwana Utaratibu, ambaye alikuwa na methali ya kila upande na hakuwahi kuona aibu kuzitumia zote mbili. "Lakini mgeni akiingia bila jembe atadhurika. Sisemi kwa ubaya. Ndani kule sauti yake haitasikika. Mtasema sikuwaambia."

Siwatu alinyanyua pazia kwa kiganja kimoja, akanivuta kwa kingine. Bwana Utaratibu hakutuzuia. Aliandamana nasi kwa macho tu, kwa huruma ya kweli, na hiyo huruma yake ndiyo iliyonikasirisha kuliko kama angetupiga.

Ndani ya nchi ni ujia mrefu. Unarefuka ukiutazama na kufupika ukiusahau, kwa hiyo tulijitahidi kuongea. Tulipita chumba ambamo hakimu alikuwa akisoma sheria za bwana aliyekwisha kuhama, na kila akifika mwisho wa ukurasa alimsalimu bwana huyo kwa heshima. Tulipita penye wahunzi. Jembe langu nililiona kwa macho, bapa la chuma, jekundu, zuri. Wahunzi walikuwa wakigombana kama mpini uwe wa mti uitwao *lazima* au wa mti uitwao *inapowezekana*. Wakigombana chuma kinapoa. Kikipoa wanakirudisha motoni. Moto ukikolea anafika waziri mpya na kuomba aelezwe toka mwanzo. Nilitaka kuingia nikalinyakue hivyohivyo lilivyo, nikaungue. Siwatu alinivuta mkono. "Shangazi, jua linakwenda," alisema.

Na huko ujiani ndiko nilikoanza kupotea. Nilisema neno, sikulisikia. Nikalirudia, likatoka kama pumzi. Vidole vyangu vilianza kuonyesha mwanga wa upande wa pili. Niliogopa, na kwa kuogopa nikawa mdogo, umri wa binti, na Siwatu akawa ndiye mkubwa ananishika mkono tunavuka barabara. Nani aliyekuwa akimwokoa mwenzake? Nilikuja kumtetea, naye ananibeba. Haki isiyo na nguvu ni mzigo juu ya kichwa cha yule inayemtetea. Nililifikiri hilo kwa uchungu, na uchungu ukanipa pumzi kidogo, nikamsimulia siku niliyopokewa, kwa sauti ambayo yeye peke yake aliisikia.

"Unajua nilivyoridhiwa mimi? Mpiga mbiu alisimama akaiuliza nchi, *Umeridhia?* Nchi yenyewe ilikuwepo, imekaa mbele yangu, mtu mzima na mabega yake. Haikusema ndiyo. Haikusema hapana. Ilitazama chini ikachezea pindo la nguo. Basi vigelegele vikapigwa, nikaambiwa imekwisha."

Siwatu alisimama ghafla. "Nchi ilinyamaza?"

"Ilinyamaza."

"Wakasema imeridhia?"

"Ndivyo."

"Kumbe hata nchi," alisema polepole. Kisha akasema jambo ambalo sikulielewa pale pale. "Shangazi, tangu siku ya mazishi hakuna mwanamume wa ukoo aliyenijibu neno. Nikiomba maji wananiletea, lakini kujibu hawanijibu. Mfiwa hajibizwi mpaka mkeka ukunjwe. Anayemjibu mfiwa anajiitia msiba." Akaanza kutembea tena, haraka, mimi nikipepea nyuma yake.

Ua wake ulikuwa umejaa. Wanaume wa ukoo walikaa juu ya mkeka mmoja mpana, wanawake pembeni kwenye kivuli cha jiko. Binti zake wawili walikalishwa mlangoni, wamenyolewa. Nyuma ya ukuta mfupi wa ua kulisikika mkusanyiko mwingine kama huo: kwa jirani yake Kidawa, msichana aliyeolewa mwaka mmoja tu uliopita, ambaye mchanga uleule ulimfukia mume siku ileile. Kwao pia matanga yalikuwa yanaondolewa. Koo mbili, ukuta mmoja, swali moja.

Hakuna aliyeniona. Nilisimama katikati ya mkeka, nikainua kiwiko changu kila mtu akisome, na mzee mmoja akatema mate kupitia tumbo langu.

Ngwali alikuwa mtu wa kawaida. Hilo lilinitia hofu kuliko kama angekuwa na pembe. Alikuwa na macho mekundu ya kumlilia ndugu yake, na alimlilia kweli. Kando yake, kwenye kigoda, alikaa Bi Mize, shangazi wa ukoo, kikongwe mwenye meno mawili. Kazi yake siku ya matanga ni moja: kusikiliza kimya cha mjane, kukipima, na kutangaza. Yeye ndiye hupiga kigelegele cha kwanza.

Ngwali akajiandaa kusimama. Siwatu akamtangulia.

"Kabla sijaulizwa," alisema, na sauti yake ilitetemeka hata nikatamani kumziba mdomo, "mimi nawauliza nyinyi. Wazee wangu, mashemeji zangu. Mmeridhia nikae katika nyumba yangu na wanangu, bila kurithiwa na mtu?"

Mdomo wa Ngwali ulifunguka. Mzee wa pembeni akamshika goti kwa nguvu, maana mkeka ulikuwa haujakunjwa. Mfiwa hajibizwi. Ngwali akafunga mdomo, akaufungua, akaufunga. Wanaume walitazamana. Mmoja alikohoa, wenzake wakamgeukia kwa hofu kama aliyekaribia kusema. Jasho lilimtiririka Siwatu kutoka kidevuni hadi kwenye kaniki. Nilisikia inzi. Nilisikia chungu kikichemka jikoni. Sijawahi kusikia kimya chenye wanaume wengi namna ile ndani yake.

Bi Mize aliinamisha kichwa, akasikiliza. Alisikiliza kwa muda wake wote, bila upendeleo, kama alivyowasikiliza wajane wa miaka na miaka. Kisha akainua uso.

"Wamenyamaza," alisema. "Wameridhia."

Akapiga kigelegele. Wanawake wa kivulini walipigwa na butwaa, halafu wakakidaka wote kwa pamoja, wakakirusha juu. Mkeka ukakunjwa. Nilicheka, nikalia, nikaruka nikigonga hewa. Mabinti walimkimbilia mama yao, na yeye akawashika vichwa vyao visivyo na nywele kana kwamba ndiyo kwanza amevipata.

Mkeka ulipokunjwa ulimi wa Ngwali ukafunguka. "Huo ni ujanja!"

"Ujanja ni wa ukoo, mwanangu," alisema Bi Mize. "Mimi nimeukuta."

"Kimya chetu kilikuwa cha adabu!"

"Na cha wajane kilikuwa cha nini?"

Ngwali aliwageukia wazee wake. Hapo sote tulisikia, juu ya ukuta, sauti ya mwanamume wa upande wa pili ikiuliza kwa utulivu wa mtu anayejua mwisho wa jambo:

"Kidawa binti Ali, umeridhia kurithiwa?"

Kimya. Kidawa hakuwa amepita ujiani. Hakuna aliyemsimulia habari za nchi na pindo la nguo. Alikuwa na umri wa kuogopa kila mtu. Nilikimbilia ukutani, nikajaza kifua, nikapiga ukelele kwa vifungu vyangu vyote, na ulichofanya ukelele wangu ni kutikisa jani moja la mpapai. Nilijichukia. Nilimchukia mhunzi, waziri, karani na wino wake. Bwana Utaratibu alisema kweli, na ukweli wake ulikuwa wa kutapisha.

Siwatu alikuwa ameinua kichwa. Aliwaachia wanawe, akapiga hatua moja kuelekea ukutani. Ngwali akamwona, na mara moja akaelewa kabla yangu.

"Shemeji," alisema, sasa kwa sauti ya chini, karibu ya upole. "Fikiri vizuri. Nyumba hii umeipata kwa kimya. Ukiwaambia wale kwamba kimya si ridhaa, basi na hapa hakikuwa ridhaa. Tutatandika mkeka upya. Nitakuuliza mimi, si wewe. Na unajua jibu la hapana linampeleka mtu wapi."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ushindi wa Siwatu ulikuwa wake peke yake, wa ua mmoja, tena umejengwa kwa tofali lilelile lililokuwa likimponda mwenzake. Angeweza kukaa. Nani angemlaumu? Nisingemlaumu mimi, niliyekaa kwenye nailoni maisha yangu. Alitazama mlango wake na matofali yenye alama za vidole. Aliwatazama mabinti. Ng'ambo ya ukuta kimya kilikuwa kikiiva, na tulisikia kikongwe wa kule akivuta pumzi ya kupigia kigelegele.

Nilitaka kumwambia akae. Nilitaka kumwambia aende. Vyote viwili vilikuwa ndani yangu, vimeandikwa, kifungu kwa kifungu, na sikuwa na sauti ya hata kimoja.

Siwatu alipanda juu ya kinu kilichokuwa kando ya ukuta, akashika ukingo kwa mikono miwili.

"Hajajibu!" alipiga kelele. "Mmesikia? Kunyamaza si kuridhia! Kidawa, mwanangu, hawajakusikia bado! Hajajibu huyu!"

Kigelegele cha kule kilikatika kooni. Ukatokea mzozo, sauti za wanaume, kiti kikaanguka. Upande wetu Ngwali aliinama, akaushika mkeka mwenyewe, akaukung'uta, akautandika. Aliutandika vizuri, akilainisha pembe zake. Wazee wakarudi kukaa mmoja mmoja. Bi Mize alibaki amesimama. Alikitazama kigoda chake, kisha akakisogeza kwa mguu hadi kando ya Siwatu aliyekuwa akishuka kwenye kinu, akakaa hapo, mgongo kwa wanaume.

Siwatu aliketi mkekani mbele ya Ngwali. Nami nikaketi kando yake, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa. Sijui kama alinihisi.

"Niulize," alisema. "Uliza kwa sauti, kila mtu asikie. Safari hii nitajibu."

Ngwali alifungua mdomo. Na kabla neno halijatoka, ng'ambo ya ukuta mzozo ulitulia, ikasikika sauti changa, iliyokauka kwa kutotumika, ikikwama, ikaanza tena.

"Sijaridhia."

Hakuna aliyepiga kigelegele, kwa sababu hakuna aliyejua kigelegele cha jambo hilo hupigwaje. Siwatu alikuwa bado amemkazia Ngwali macho, anasubiri aulizwe.